Kioo cha Lori Ukutani kwa Silvana

Nina mgeni hana meno, hana nguo, jina lake halijui, na siku anayofika nyumba nzima hunyamaza kungoja alie. Ukisema ni mtoto mchanga umepata, wala sikudai mji. Lakini wako watu ambao jibu hilo halikuwatosha, na Daktari Atuganile Mbonile alikuwa mmoja wao. Yeye alitaka kujua mgeni huyo amekuja na nini kichwani, na ni kitu gani kinachoweza kumharibia kichwa hicho kabla hata hajapewa jina.

Siku hizi amestaafu, yuko kwao Tukuyu, anapalilia migomba yake kwa jembe dogo kwa sababu kiuno hakitaki tena jembe kubwa. Wanafunzi wake, ambao nao sasa ni madaktari wenye mvi, humtembelea wakampelekea sukari na magazeti. Humkumbusha wodi aliyoianzisha ya watoto wachanga, taa za buluu alizozipigania mpaka zikaletwa, maandishi yake yaliyosomwa ng'ambo. Kisha mmoja wao hakosi kumwuliza alianzia wapi kuupenda ubongo wa mtoto mchanga, akitegemea kusikia jina la chuo.

"Ufipa," hujibu. "Kwenye nyumba ya udongo, nimekalia gunia la ulezi."

Akishasema hivyo, hayupo tena Tukuyu. Amekwisharudi kwenye ule upepo wa uwandani unaokuja bila kuzuiwa na kitu, kwenye matuta ya duara yaliyofukiwa majani, kwenye harufu ya moshi na ya maharage yanayochemka tangu asubuhi. Hulikumbuka koti lake la sufu lililokuwa na viraka vya viwiko, na Land Rover ya serikali iliyokuwa ikiwaka kwa kusukumwa. Husema watu wa miaka ile walikuwa na vitu vichache mno, na kila kimoja kilikuwa na wenyewe wengi.

Alifika Sumbawanga mkoa wenyewe ukiwa bado mchanga, naye akiwa daktari kijana aliyetoka kusoma nje. Wenzake hospitalini walikuwa na surua, na kuhara, na akina mama wanaofika wamechelewa, basi hawakuwa na nafasi ya mambo madogo. Yeye akaanza kuona jambo dogo. Kila mara aliletewa mtoto wa mwaka mmoja au miwili, shingo haikazi, mgongo unajipinda nyuma kama upinde, na ukimwita hageuki. Mama akiulizwa, husema mtoto alizaliwa mzima, alilia vizuri, alinyonya vizuri, kisha siku za kwanza kwanza akawa mzito wa usingizi, akaacha ziwa, akalia kilio chembamba kama cha mwanambuzi. Wengine walisema degedege. Wengine walisema ni ndege wa usiku aliyepita juu ya nyumba. Daktari Atuganile alisema moyoni kwamba ni manjano.

Alikuwa amelisoma jambo hilo. Damu ya mtoto mchanga ikivunjika kwa wingi huacha rangi ya manjano mwilini, na rangi hiyo ikizidi hupanda mpaka kwenye ubongo, ikatia doa mahali panaposhika shingo na masikio. Ikishafanya hivyo, hakuna dawa ya kuifuta. Lakini ikionekana mapema, hata mwanga wa jua huweza kuipunguza. Kilichomsumbua ni kwamba alipowauliza akina mama kama waliona mtoto akigeuka manjano, wote walikataa, na walikuwa wakisema kweli. Wenzake wakamtania kwamba watu wanakufa kwa surua, yeye anatafuta rangi.

Jibu alilipata Chala, au tuseme katika kijiji kipya cha ujamaa kilichokuwa karibu na Chala, ambacho watu walikiita Mtakuja kwa sababu ndivyo walivyoambiwa siku ya kuhamishwa: mkikataa leo, kesho mtakuja. Alikuwa amekwenda kwa kliniki ya akina mama. Mvua ikamfukuza, akaingia nyumba ya jirani kujihifadhi. Ilikuwa mchana, lakini ndani palikuwa giza la jioni. Kampeni ya nyumba bora ilikuwa imewaamuru watu wote kuweka madirisha, wakayaweka, na bwana afya alipoondoka wakayaziba kwa udongo, maana upepo wa kule hauna heshima. Kwenye moto uliokuwa katikati aliona uso wa mwenye nyumba, mama mtu mzima, ni wa rangi ya dhahabu. Akatazama mikono yake mwenyewe, nayo ya dhahabu. Mbele ya moto kila mtu ni wa manjano. Na mtoto mchanga hakai pengine ila hapo, karibu na moto, hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke.

Mwenye nyumba ile alikuwa Silvana, mama yake Kornel. Mwanawe Kornel alikuwa fundi wa matofali wa kijiji, na mkewe Kornel ni Bertilla, binti mpole aliyekuwa akicheka kwa kuziba mdomo. Mgongoni mwa Silvana siku ile alikuwapo mjukuu, Kalista, mtoto wa kwanza wa Bertilla. Alikuwa na umri wa kukimbia na kuchota maji kwa kibuyu kidogo, lakini shingo yake ilikuwa imelala begani kwa bibi yake kama ya mtoto wa jana. Hakusikia. Alicheka alipoona kitu king'aacho, basi. Silvana alimbeba kutwa nzima, shambani, kanisani, hata kwenye foleni ya duka la kijiji, na mtu aliyemhurumia alijibiwa kwamba huyu si mzigo, huyu ni koti.

Daktari na Silvana walipatana tangu siku hiyo, na kilichowapatanisha ni vitendawili. Silvana alikuwa haongei mambo ya maana bila kwanza kumjaribu mtu. Alimtegea Daktari mmoja wa kibuyu cha kimpumu, pombe yao ya ulezi inayonywewa kwa mrija: nina ng'ombe wangu, hukamuliwa na watu wengi, wote wamekaa na hakuna aliyeshika chuchu. Daktari akashindwa, akatoa mji wa Mbeya. Akategewa mwingine, akashindwa, akatoa Tukuyu. Silvana akasema Wanyakyusa wanatoa miji upesi kwa sababu wanajua hakuna Mfipa atakayekwenda kukaa kwenye mvua ile. Tangu hapo kila kliniki ya Mtakuja ilimalizikia kwake, kwenye ugali wa ulezi.

Sasa sikia alivyoharibu.

Bertilla alikuwa mjamzito tena. Daktari alimpima damu yeye na mumewe, akaona yale aliyoyahofia: damu zao ni za makundi mawili yasiyoelewana, na kilichompata Kalista kingeweza kumpata huyu wa pili. Akawa na haraka. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Sebastiani, akamwitia mkutano wa akina mama mbele ya ghala. Daktari akawaeleza habari za manjano, na za moto, na za madirisha yaliyozibwa, akawaambia mtoto atolewe juani tangu siku ya kwanza. Alipoona wamenyamaza kwa ile adabu ya watu wasiokubali, akatafuta mfano wa kuwaamsha. Akanyoosha mkono kuelekea mgongoni kwa Silvana, akasema mtoto kama yule ndiye matunda ya kufungiwa gizani.

Silvana akakaza kanga yake, akamweka mjukuu sawa, akaondoka. Siku hiyo Daktari alikula mkate mkavu ndani ya gari.

Kliniki iliyofuata hakumwona Silvana. Bertilla alikuja peke yake, na alipokuwa amelala anapimwa tumbo akasema, akitazama mabati, kwamba mama mkwe wake hategi tena vitendawili. Kutwa anamtazama Kalista. Juzi alimwuliza mwanawe Kornel kama inawezekana mikono iliyompokea mtoto ndiyo iliyomlemaza. Kornel akatoka nje kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha pasuliwa.

"Na mtoto wangu huyu," Bertilla akasema, "amekwisha apa hatatoka nje. Anasema akikubali atoke, ndiyo amekubali lile la kwanza."

Daktari Atuganile alielewa hapo alichokifanya. Alitaka kuokoa ubongo wa mtoto mmoja, akawa amembebesha bibi yake jiwe lisilo lake. Na mtoto huyo mlango wake ulikuwa mikononi mwa bibi yuleyule. Akaacha foleni ya kliniki kwa nesi, akaenda kwa miguu.

Alimkuta Silvana uani anapepeta ulezi, Kalista amelazwa kwenye ngozi karibu yake. Shikamoo yake ikajibiwa bila uso kuinuka. Daktari akaketi chini, na koti lake la serikali, akachukua konzi ya ulezi akaanza kutoa mawe madogo.

"Mama Kornel, nilisema vibaya."

"Ulisema ulichosoma."

"Hapana. Nilichosoma sicho nilichosema. Nilichosoma ni kwamba damu ya Bertilla na damu ya Kornel hazielewani. Mtoto akichukua ya baba, ya mama inaikataa, inaivunja, ndipo rangi inapozidi. Kalista angezaliwa mchana kweupe katikati ya uwanja wa mpira, angegeuka manjano vilevile. Giza halikumfanya kitu. Giza lilimficha tu, asionekane."

"Asionekane na nani?"

"Na yeyote. Hata mimi ningekuwa nimekaa hapo motoni nisingemwona."

Ungo ukasimama. Upepo ukachukua makapi yaliyokuwa juu yake, ukayapeleka hadi kwenye zizi.

"Kwa hiyo si mkono wangu."

"Si mkono wako, mama."

Silvana akapepeta tena, polepole, muda mrefu, na Daktari akaendelea kuokota mawe. Kisha mama yule akauliza kuhusu huyu anayekuja. Daktari akamwambia kweli, kwamba naye anaweza kuwa hivyo, na safari hii wakimwona mapema wanaweza kumwahi. Silvana akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba kabla ya Kornel alizika watoto wawili, wote wachanga. Wa pili alimtoa mlangoni asubuhi ya mwezi wa sita ili baba yake amwone, maana baba alikuwa anaondoka na wenzake kwenda Tanga kukata mkonge. Upepo ukampiga mtoto mara moja tu. Jioni alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na baba akapata habari mkongeni.

Daktari hakubisha. Alijua kuliko mtu yeyote pale kwamba baridi huua kichanga, na kule uwandani huua upesi.

"Basi tegua hiki, wewe uliyesoma," Silvana akasema. "Nikimfunika, huioni rangi yake. Nikimfunua, upepo unamchukua. Mimi nje simtoi. Kama jua linamtaka mjukuu wangu, lije lenyewe ndani, nitalipa kigoda likae."

Alisema kwa kejeli, na kejeli yake ilikuwa dalili kwamba amesamehe. Lakini Daktari hakucheka. Aliutazama ukuta wa mashariki wa nyumba ile, mahali palipokuwa na dirisha lililozibwa, akautazama tena.

Vioo havikuwapo. Miaka ile ukitaka kioo cha dirisha ulipaswa kumjua mtu Mbeya anayemjua mtu Dar es Salaam. Ila mbele ya ghala la kijiji lilikuwako lori bovu, lililoletwa siku za kuhamisha watu, likafa papo hapo na halikufufuka. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Kioo chake cha mbele kilikuwa kizima, na kila asubuhi kiliwamulika watu waliopita.

Daktari akamwendea Sebastiani, na Sebastiani akaitisha mkutano, kwa sababu lori lilikuwa mali ya kijiji na mali ya kijiji haiguswi bila azimio. Mkutano ulichukua tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mzee mmoja alisema leo wanatoa kioo, kesho Kornel ataomba usukani, na keshokutwa atataka kijiji kimsukume. Mwingine aliuliza lori likipona litaonaje njia. Mama mmoja akamjibu kwamba likipona yeye ataolewa upya, akavishwa shela. Watu wakacheka, na baada ya kicheko mambo huwa mepesi. Sebastiani, ambaye alikuwa mtu wa kupenda neno lake libaki, akasimama akasema kioo hakitolewi na wala hakiuzwi. Kinahama tu. Kitakaa ukutani kwa Kornel, na kitaendelea kuwa cha kijiji kizima, hivyo mwanamke yeyote wa Mtakuja akitaka kujifungulia mbele yake, Silvana hana ruhusa ya kumfungia mlango. Silvana akasema kwani lini alimfungia mtu mlango, na asimfundishe ukarimu mbele ya wageni.

Kornel akakipachika kwa mikono yake, akakizungushia udongo na samadi pasipite hata pumzi ya upepo. Watoto walikuja kukichungulia. Watu wakasema nyumba ya Kornel imevaa miwani, itaanza kusoma gazeti. Asubuhi ya kwanza jua liliingia likalala sakafuni kama mkeka, na Silvana akasimama mbali, akalitazama, akasema moyoni hakujua kwamba nyumba yake ina vumbi kiasi kile.

Bertilla alijifungua mwezi wa nne, mvua zikielekea kuisha, na mtoto alikuwa wa kiume. Ujumbe ulipofika Sumbawanga kwa basi, Daktari aliondoka mara moja, na njia ilikuwa tope tupu. Alipoingia ndani hakuhitaji kuagiza kitu. Silvana alikuwa amemketisha Bertilla kwenye kigoda mbele ya kioo, mgongo umefunikwa blanketi, na mtoto amelazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia tu na nepi. Moto ulikuwa nyuma yao, jua mbele yao. Daktari akanawa mikono, akaipasha moto, akabonyeza kidole chake juu ya pua ya mtoto na kukiondoa. Alama iliyobaki ilikuwa ya manjano.

"Unaona, mama?"

Silvana akainama mpaka uso wake ukakaribia uso wa mtoto. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiona rangi ile. Hakusema ameona. Alisema, "Mlete mtoto karibu na kioo, Bertilla, umekaa kama unaogopa kupigwa picha."

Kesho yake hakukuwa na jua. Ukungu uliifunika Mtakuja, ukakaa, na manjano yakashuka toka usoni mpaka kifuani, toka kifuani mpaka kwenye mapaja. Mtoto akawa mzito wa usingizi. Daktari alijua yakifika kwenye nyayo hakuna tena cha kungoja. Lazima afike hospitali abadilishwe damu. Akamtuma dereva kuitazama njia. Dereva akarudi na tope mpaka magotini, akasema gari limezama mtoni, na hata likitoka halifiki. Kumbeba mtoto kwa miguu ndani ya ukungu ule ilikuwa ndiyo ile asubuhi ya mwezi wa sita ya Silvana.

Hapo ndipo Daktari alipokalia gunia la ulezi. Walimwuliza wafanye nini, naye hakuwa na kitabu. Alijua ukungu una mwanga wake hata kama jua lenyewe halionekani, na mwanga huo ulikuwa unaingia. Basi akasema mtoto asitoke mbele ya kioo tangu kupambazuka mpaka kuingia giza, ageuzwe tumbo na mgongo, na anyonyeshwe kila anapogeuzwa, hata kama hataki. Bertilla alipochoka, maziwa yalikamuliwa, Silvana akamdondoshea kwa kijiko. Alimkuna nyayo kumwamsha. Alimwimbia, alimtukana, alimwita mvivu wa ukoo wa mama yake. Mchana wote huo Daktari alibonyeza nyayo zile ndogo, akaachia, akatazama, na kila mara Silvana alimtazama yeye, si mtoto.

Manjano yakafika vifundoni, yakasimama hapo.

Asubuhi iliyofuata upepo ukaupeleka ukungu kwa wenyewe, jua likaingia lote. Mtoto alikuwa mzito bado, lakini kuelekea adhuhuri alifumbua macho, akalia kwa sauti nene yenye hasira, akalitafuta ziwa mwenyewe. Bertilla akalia pamoja naye. Daktari akasema anakwenda kuangalia gari, akatoka, akasimama nyuma ya zizi kwenye upepo mpaka uso wake ukakauka.

Wakamwita mtoto Basil. Lakini kuishi si mwisho wa neno. Daktari alijua doa laweza kuwa limekwisha ingia, na halionekani mpaka mtoto afike umri wa kugeuka akiitwa. Miezi hiyo alifanya kazi nyingi. Wanawake wa Mtakuja walianza kujifungulia mbele ya kioo cha kijiji, naye akawa anakuja kuwatazama watoto wao kwenye mwanga mzuri, akibonyeza pua na vifua na nyayo, na yale aliyoyaona akayapeleka kwa wakubwa wake, kisha ng'ambo, ambako kwanza walimcheka na baadaye wakamwandikia aje. Kazi ya maisha yake yote ilichipukia hapo. Lakini mwenyewe husema kwamba miezi ile hakuwa mtafiti hata kidogo. Alikuwa mtu anayengoja shingo ya mtoto mmoja.

Mwezi wa kumi, mavuno ya ulezi yakiwa yamekwisha kitambo na anga bado safi, alikuja kumpima Basil. Basil alikuwa amekaa mapajani kwa mama yake, ameketi mwenyewe, shingo imara, anavuta nywele za kila anayepita. Daktari akamwomba Bertilla amshike mtoto atazame ukutani. Akapita nyuma yao bila viatu. Hakuwa na chombo chochote. Alichukua kikombe cha bati na kijiko. Silvana alikuwa amesimama mlangoni na Kalista mgongoni. Kornel alikuwa nje, ameshika jembe bila kulima.

Daktari akagonga, polepole, upande wa kulia.

Basil akageuka kulia. Akatafuta, akamwona Daktari na kikombe chake, akanyoosha mkono akitaka apewe.

Akagonga kushoto. Akageuka kushoto, safari hii amekasirika, kwa nini anachezewa. Bertilla akacheka bila kuziba mdomo. Kornel akaja mbio akagonga kichwa kwenye kizingiti. Daktari akampa mtoto kile kikombe, naye akaanza kukipiga sakafuni mpaka watu wakashindwa kusikilizana, na hakuna aliyemnyang'anya.

Silvana hakushangilia. Alivuka chumba, akaenda kwenye kioo, mahali ambapo asubuhi ile hakukuwa na kichanga. Akaketi kwenye kigoda, akamfungua Kalista mgongoni, akamlaza mapajani, uso wake kwenye jua. Akamtegemeza shingo kwa kiwiko. Kalista akaangaza macho, akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti. Ilionekana wazi kwamba wamekaa hivyo asubuhi nyingi.

Daktari Atuganile akaja akachuchumaa mbele yao. Maneno yalimwia mazito, lakini alikwisha jifunza katika nyumba ile kwamba nusu ya ukweli huumiza kuliko wote.

"Mama, kioo hakitamrudishia shingo. Wala masikio."

"Najua, mwanangu. Ulikwisha niambia, kilichoingia hakifutiki." Silvana akampangusa mjukuu mate kwa ncha ya kanga. "Lakini analipenda. Miaka yote hii nilimweka motoni, kumbe mwenzangu anapenda jua."

Daktari aliona kivuli cha kichwa chake kimeangukia uso wa yule mtoto, akasogea kando, akaketi kwenye gunia, asimzibie.